Kikundi Kisimwache Mama Mzazi

Nawasalimu nyinyi mlio hapa Sultan Hamud, mlio Kima, Kasikeu na Emali, na ndugu zetu wa upande wa Kitui. Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza. Kama uko sokoni, ongeza sauti kidogo ili na jirani yako asikie.

Leo sitazungumza juu ya ugonjwa. Nitazungumza juu ya kikundi. Najua kuna mama atakayeuliza, "Muuguzi ana habari gani na vikundi? Si hiyo ni kazi ya afisa wa maendeleo ya jamii?" Subiri kidogo, mama. Kikundi unachokwenda kila juma, kiwe cha kuchimba matuta, cha kujenga bwawa la mchanga, cha kufuga kuku au cha kuchangiana pesa, kinaweza kuokoa maisha yako na ya mtoto wako. Na kikundi hicho hicho, kikipangwa vibaya, kinaweza kumwacha mama peke yake siku ile anapokihitaji zaidi.

Sisi wa Ukambani hatukufundishwa umoja na mradi wowote. Tuna neno letu la tangu zamani, mwethya. Mtu alipokuwa na shamba la kulima au nyumba ya kujenga, aliwaita majirani. Walikuja na majembe yao, yeye akawapikia, na zamu ya jirani ilipofika naye alikwenda. Hapakuwa na mshahara. Malipo yalikuwa ni kujua kwamba siku yako ikifika hutabaki peke yako. Kwa nguvu ya mwethya, na hasa kwa mikono ya akina mama, vilima vya wilaya ya zamani ya Machakos vilijaa matuta ya fanya juu, yale yanayozuia udongo usichukuliwe na maji. Makueni yetu ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo hadi mwaka wa 1992.

Mwaka wa 1978, huko Kola, Joshua Mukusya na majirani wake walianzisha kikundi cha Utooni, wakaanza kupambana na shida ya maji. Mabwawa ya mchanga yaliyotokana na kazi ya namna hiyo leo yanajulikana hata nje ya nchi yetu. Bwawa la mchanga hufanya kazi hivi: ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu, ukakaa juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mto huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki ndani ya mchanga huo. Jua haliyakaushi upesi, mbu hawapati pa kuzaliana, na mchanga huyachuja kiasi, ingawa ya kunywa bado tunayachemsha au kuyatia dawa. Mama aliyekuwa akipoteza nusu ya siku akifuata maji kwa punda, sasa anapata wakati wa kunyonyesha na kwenda kliniki.

Lakini angalieni jambo moja. Ukuta wenyewe unaweza kumalizika kwa majuma machache, bali mchanga huchukua msimu mmoja wa mvua, au miwili, au mitatu, kujaa. Kikundi kikitawanyika kwa ugomvi kabla ya hapo, ni nani atakayeutunza ukuta? Na katika misimu hiyo mitatu, kwenye kikundi cha akina mama ishirini, hakuna hata mmoja atakayeshika mimba? Watakuwapo, tena si mmoja. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuishi miaka lazima kijue la kufanya mwanachama anapokuwa mjamzito, anapojifungua, na anapokaa na kichanga nyumbani. Hapo ndipo ninapoingia mimi muuguzi.

Karibu kila kikundi kina kanuni ya faini. Usipokuja kazini, unalipa. Kanuni hiyo ni nzuri, kwani bila hiyo wavivu wangekula jasho la wenzao. Lakini tuchukue mfano wa mama mmoja. Si mtu fulani, ni mfano tu, ingawa wengi mtasema mnamjua. Kikundi chake hukutana mara mbili kwa juma, na faini ni shilingi 50. Mimba imefika miezi minane, mgongo unauma, mawe hayabebeki. Anakosa kazi majuma manne kabla ya kujifungua, na majuma sita baada ya kujifungua. Hayo ni majuma kumi. Mara mbili kwa juma ni siku ishirini. Zidisha kwa 50, unapata shilingi 1,000. Kichanga mkononi, mapato hakuna, na deni la shilingi elfu moja kikundini!

Mama huyu atafanya nini? Wa kwanza atakwenda kubeba mawe na mimba yake kubwa ili asitozwe. Wa pili ataona haya. Akimwona mweka hazina njiani, atapita njia nyingine. Baada ya miezi miwili jina lake litafutwa kwenye daftari, na watu watasema, "Yule alituacha." Jamani, ni nani aliyemwacha mwenzake?

Sasa tuseme siku ya kumi baada ya kujifungua mtoto anakataa kunyonya. Mume yuko Nairobi kwa kibarua. Simu haina salio. Mama mkwe anasema ni tumbo tu, litapita. Wale akina mama kumi na tisa ambao wangeweza kubisha hodi asubuhi ile na kusema, "Hebu nimwone mtoto," hawako, kwa sababu ya faini. Ikifika jioni mtoto amelegea. Kichanga hawezi kungoja hadi jioni.

Wataalamu wa uzazi hueleza kwamba vifo vingi vya akina mama na vichanga hutokana na kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza ni kuchelewa kutambua hatari na kuamua kwenda hospitali. Pili ni kuchelewa kufika, kwa kukosa pesa au gari. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hilo la tatu ni letu sisi wahudumu na serikali, na mna haki ya kutudai. Lakini la kwanza na la pili hutokea nyumbani na njiani, na hapo jirani yako yuko karibu kuliko daktari.

Haya si maneno ya kufariji tu, yamepimwa. Katika wilaya ya Makwanpur nchini Nepal, nchi ya milima ambako wengi hujifungulia nyumbani, wanawake walikusanyika katika vikundi mara moja kwa mwezi kuzungumza juu ya mimba na uzazi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2004: mahali penye vikundi, vifo vya watoto wachanga vilikuwa chini kwa takriban asilimia 30 kuliko mahali pasipo na vikundi. Mwaka wa 2013 watafiti waliunganisha majaribio saba kama hayo kutoka Nepal, India, Bangladesh na Malawi. Pale ambapo angalau wajawazito 3 kati ya kila 10 walihudhuria, vifo vya vichanga vilipungua kwa takriban thuluthi moja, na vifo vya akina mama kwa takriban nusu. Mwaka wa 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vikundi vya namna hiyo, hasa mashambani ambako huduma ni chache.

Siri yao haikuwa dawa mpya. Walikaa chini, wakataja shida zao, wakachagua ile kubwa zaidi, wakapanga la kufanya, wakalifanya, kisha wakarudi kuulizana kama limefaulu. Kule shida ilikuwa pesa za dharura wakachanga. Kule shida ilikuwa usafiri wakatengeneza machela. Lakini msisahau hesabu ile ya 3 kati ya 10. Kikundi kisicho na wajawazito ndani yake hakiwezi kuwaokoa wajawazito walio nje.

Basi tufanye nini hapa kwetu? Nina mambo sita. Katibu wa kikundi, kama unasikiliza, chukua kalamu.

La kwanza, andikeni kanuni ya mama mzazi kwenye katiba ya kikundi. Msiseme "tutaelewana," kwa sababu siku ya siku hamtaelewana. Andikeni kwamba mama mwenye mimba kubwa, hasa miezi mitatu ya mwisho, habebi mawe wala maji mazito, bali anapewa kazi nyepesi: kuita majina, kuandika daftari, kuhesabu mifuko ya saruji. Andikeni kwamba baada ya kujifungua anapumzika angalau majuma sita, na aliyepasuliwa zaidi ya hapo kama atakavyoelezwa hospitalini, na kwamba siku hizo hazina faini wala deni. Mwenye kuona kwamba huo ni upendeleo akumbuke kuwa zamu yake itakuja, au ya binti yake, au ya mke wa mwanawe.

La pili, nyonyesheni kazini. Mama anayerudi mwethya na kumwacha mtoto wa miezi mitatu nyumbani tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, huyo mtoto atapewa nini? Atapewa maji au uji. Na mtoto aliye chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Maji ya kuchota mtoni humletea kuhara, na kuhara humkausha upesi. Wekeni turubai chini ya mti, mteue mama mmoja kwa zamu awaangalie watoto, na mama anayenyonyesha aruhusiwe kuacha jembe kila mtoto anapolia. Dakika hizo si za uvivu.

La tatu, kila mjamzito awe na majirani wawili wa zamu kutoka kikundini. Kazi yao si kubwa. Wajue tarehe anayotarajiwa kujifungua. Wamuulize kama amekwenda kliniki, kwani Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio manane. Wahakikishe amejiandikisha katika SHA mapema, maana tangu Oktoba 2024 ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na foleni ya kujiandikisha si ya kupanga ukiwa na uchungu. Akijifungua, wamtembelee siku za kwanza, na wamkumbushe kupimwa yeye na mtoto.

Majirani hao wajue dalili za hatari kwa moyo. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kwa aliyejifungua: damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, degedege, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kwa kichanga: kukataa kunyonya, kupumua haraka mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea ndani anapopumua, mwili kuwa moto sana au baridi sana, degedege, viganja na nyayo kuwa manjano, kitovu kutoa usaha, au kulegea asiamke kunyonya. Ukiona hata moja, hakuna kungoja mume wala kungoja asubuhi. Twendeni zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Sultan Hamud.

Pia mjulishe mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako. Ndio wale waliopewa mikoba ya vifaa na serikali mwezi wa Septemba 2023. Mwalikeni kikundini, mpeni nusu saa kila mwezi.

La nne, wekeni pesa za dharura, na ziwe wazi. Kila mmoja akitoa shilingi 20 kila juma, akina mama ishirini hupata 400 kwa juma, na kwa majuma kumi ni 4,000. Hiyo ni pesa ya gari la usiku, na ya chakula hospitalini pia. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo ziwe kwa watu watatu, au kama ni kwenye simu, salio lisomwe mbele ya wote kila mkutano. Andikeni mapema namba ya mwenye gari na ya mwenye bodaboda mnayemwamini. Pesa zikifichwa, shaka huingia. Shaka ikiingia, mama mwenye shida usiku huogopa kuomba kilicho chake.

La tano, tunzeni siri, na muwe na macho ya huruma. Mambo ya mama ya hospitalini, majibu ya vipimo vyake, mimba iliyoharibika, ni yake. Akikueleza wewe, hakukueleza kijiji. Kikundi chenye umbea hakuna atakayekiambia ukweli. Tena kuna ugonjwa usioonekana kwa macho. Mama akijifungua kisha akakaa zaidi ya majuma mawili akilia ovyo, halali hata mtoto akilala, hataki kula, hana furaha na mtoto, msimwite mvivu wala msiseme amerogwa. Huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya uzazi, una matibabu, na kuzungumza na wenzake ni sehemu ya tiba. Akisema anatamani kufa au kumdhuru mtoto, msimwache peke yake hata dakika moja. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

La sita, fungueni mlango. Mji wetu umekaa kwenye reli na barabara ya Mombasa, na watu hufika hapa kutoka kila upande. Nyuma ya maduka kuna vyumba vya kupanga, na ndani yake kuna wasichana waliofuata kazi za hotelini, wake wa madereva, na akina mama Wamaasai waliovuka kutoka upande wa Kajiado. Wengi hawana mama mkwe wala shangazi hapa. Mwethya wa ukoo hauwafikii. Mgeni kama huyo akipata uchungu saa nane usiku, atamwamsha nani? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwalike hata kama hana shamba la kulimiwa. Na yule msichana aliyepata mimba akiwa shuleni, mnayemsema pembeni, ndiye anayewahitaji kuliko wote, kwa sababu mimba ya umri mdogo ina hatari zaidi. Mpokeeni kwanza, mafunzo yatafuata.

Nasikia mama mmoja akisema, "Muuguzi, tukimsamehe kila mtu, kazi itafanywa na nani?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba simtetei mtegeaji. Mwenye afya asiyekuja alipe faini yake yote. Ninachosema ni kwamba kikundi kitofautishe kati ya asiyetaka na asiyeweza. Mama aliyeshikwa mkono alipokuwa mzazi atarudi, na atabeba jiwe lake na la mwenzake. Yule aliyetozwa akiwa kitandani harudi, na akirudi, moyo wake haurudi naye.

Na nyinyi akina baba mnaosikiliza, hili linawahusu. Mume akijua majirani wawili wa mkewe ni akina nani, na akiwa amekwisha kutoa ruhusa mapema kwamba ikitokea dharura mke apelekwe bila kusubiri simu yake, tayari amefupisha safari ya hospitali. Akina nyanya nanyi, mmelea wengi. Njooni kikundini mtufundishe, nasi tutawaeleza yaliyobadilika.

Kabla sijaaga, nawaachia kazi ya mkutano wenu ujao. Mwenyekiti aulize maswali haya manne, na katibu aandike majibu:

Katika kikundi chetu, ni nani mjamzito, na ni nani amejifungua miezi miwili iliyopita?

Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja baada ya kupata mtoto? Anadaiwa faini kiasi gani, na ni nani atakayekwenda kumwona juma hili?

Mmoja wetu akishikwa na uchungu usiku wa leo, gari ni la nani na pesa ziko wapi?

Ni mjamzito gani jirani yetu ambaye hayumo katika kikundi chochote?

Swali la pili ndilo nawaomba mlianze. Mkienda kwa mama huyo, msiende na daftari la madeni. Nendeni na kuni, na maji, na uji wa wimbi, mkae naye kidogo, mmwangalie mtoto anavyonyonya. Halafu mwambieni kwamba nafasi yake bado ipo.

Juma lijalo tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anapotimiza miezi sita, na namna ya kutumia ndengu na mbaazi za shambani kwako kumlisha vizuri. Hadi wakati huo, mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.